Mimi ndio nilikuwa nashika futi

Niseme mapema kabla sijaenda mbali: hizi mashine za kupunguza mafuta bila kisu zinafanya kazi. Si zote, na si kwa kila mtu, lakini zinafanya. Nasema hivi kwa sababu kila nikiongea kuhusu ile kazi yangu ya kliniki ya urembo kule Nyali, Mombasa, watu hurukia ati "kumbe ni uwongo mtupu", na sio uwongo mtupu, uwongo una mahali pake na ukweli una mahali pake, na mimi nilikuwa nimekaa pale risepshen naviona vyote viwili vikiingia na kutoka.

Kazi yangu kwa karatasi ilikuwa kupokea simu na kuandika watu kwa kitabu. Ukweli nilikuwa nafanya kila kitu isipokuwa kuiendesha mashine yenyewe, yaani nalipisha, napiga picha, nafua mataulo, na juu ya hayo yote nashika futi, ile ile ya fundi cherehani ya njano, nampima mtu tumbo kabla na baada. Na hapo kwa futi ndio nilijifunza mengi kushinda zile semina walizokuwa wanatuletea hotelini.

Mtu akija ametoka kunywa chai na mahamri na mbaazi, amesimama amejiachilia, ukapitisha futi juu ya kitovu bila kukaza utapata namba moja. Mtu huyo huyo akiamka kitandani amelala chali karibu saa nzima, amevuta pumzi ndani kwa sababu ana hamu ya kuona matokeo, ukishusha futi kidogo tu na ukaikaza kidogo tu ashapungua sentimita kadhaa na hakuna hata tone la mafuta limetoka mwilini. Bosi hakuwahi kuniambia nidanganye, hakuna mtu husema hivyo. Alikuwa akiniambia "pima vizuri mwisho, mteja aondoke na furaha", basi. Picha nazo ni hivyo hivyo, ya kwanza unapigwa chini ya ile taa ya juu inayotoa kila kivuli, ya pili unageuzwa kidogo ukabili dirisha, na suruali imepandishwa hadi juu inakubana. Kwa hivyo mtu akinionyesha picha za kabla na baada mimi sitazami tumbo, natazama kwanza kivuli chake kwa ukuta.

Ukitaka kujua kama umepungua jipime mwenyewe nyumbani, asubuhi kabla hujala, futi ipite mahali pamoja kila mara, kwa mfano kwenye kovu ama baka. Na mashine yenyewe iliyofanya kazi haionyeshi kitu siku hiyo hiyo, ndio maana ile namba niliyokuwa nawaandikia wakitoka haikuwa na maana yoyote, hata kama ningeipima kwa haki.

Sasa, kitu kikubwa nilichokuja kuelewa, na nilikielewa kupitia sista mmoja mtu mzima aliyekuwa amefanya wodi za uzazi miaka mingi kabla kuja kwetu, ni kwamba watu huja wakisema "tumbo" kana kwamba tumbo ni kitu kimoja. Sista yeye kabla hajagusa mashine alikuwa akimlaza mtu, anambana kwa vidole, anamgeuza, anambana tena. Wateja wengine walikuwa wanaona aibu. Kuna mama mmoja wa Bondeni, watoto wanne, alikuja akiwa ameshajipanga na pesa ameshika mkononi, arusi ya bintiye imekaribia.

"Mwanangu, mimi nataka hili lishuke, dera likae."

"Sawa mamangu, hebu lala. Haya, sasa inua kichwa peke yake uangalie vidole vya miguu."

Akainua. Pale katikati, kutoka juu ya kitovu kwenda chini, pakatokeza kitu kimeinuka kirefu, na sista akazamisha vidole vyake vitatu hapo katikati, viliingia vizima vizima. Akamwambia, "Mamangu, hapa hamna mafuta ya kuondoa. Hii misuli yako iliachana ulipokuwa na mimba na haijarudi. Mashine hii haitaiona hata." Akamwelekeza kwa mtu wa mazoezi ya viungo hospitali ya serikali. Mama akaondoka na pesa zake, na bosi akamwita sista ofisini, na mlango ukafungwa muda mrefu.

Na si yeye peke yake. Wanawake wangapi hapa kwetu wanaliita tumbo la uzazi na wanafikiri ni mafuta, kumbe ni misuli, ama ni ngozi iliyolegea baada ya kuvutwa, ama ni ngiri, na ngiri ndio hatari kabisa kwa sababu ile mashine inavuta nyama ndani ya kikombe na kuifinya. Wengine wanalaumu mkaja, ile nguo ya kufunga tumbo baada ya kujifungua, ati sikufungwa vizuri, bibi alikuwa mbali, ningefungwa siku arubaini zote saa hii ningekuwa sawa. Mimi mkaja naupenda, mgongo unatulia na unajisikia umeshikwa, lakini mkaja hauyeyushi mafuta, na sijui nani alituambia unayeyusha.

Wanaume nao walikuwa wanakuja, mnashangaa? Tena wengi wa pale bandarini na zile ofisi za klia za kutoa mizigo, wanakuja jioni wamevaa kofia. Yule mjomba wa kwanza niliyemuona alikuwa na kitambi cha haja, kigumu, kimekaa mbele. Sista akamwambia "bana hapa", akajaribu kubana akapata kingozi chembamba tu. Mafuta yake yote yako ndani, nyuma ya ukuta wa misuli, yamezunguka matumbo na ini, na hayo ndio yale yanayokwenda sambamba na sukari na presha, na hakuna mashine ya nje ya mwili inayoyafikia. Cha kuchekesha ni kwamba hayo mafuta ya ndani ndio huitikia upesi mtu akitembea na kupunguza chakula. Haya ya nje yanayobanika, ya ubavuni na chini ya kitovu na ndani ya mapaja, ndio yanayokataa kuondoka hata ukishinda na njaa, na ndio hizi mashine zilitengenezewa. Kwa hivyo ukitaka kujua kama mashine ni yako, bana kwanza kabla ya kulipa. Kama kuna nyama laini inajaa mkononi, tunaweza kuongea.

Mashine kuu kwetu ilikuwa ya baridi. Hadithi yake naipenda kwa sababu inafanana na kitu tunachokijua, zile barafu za ukwaju za karatasi ya nailoni watoto wananyonya wakitoka madrasa. Madaktari huko Marekani waliandika mwaka 1970 kuhusu mtoto aliyekuwa ananyonya barafu mpaka mafuta ya shavu yakaathirika, ngozi yake ikabaki salama. Maana yake seli za mafuta hazistahimili baridi vile ngozi inavyostahimili. Baadaye wataalamu wawili wa hospitali ya Massachusetts General kule Boston, Dieter Manstein na Rox Anderson, wakalifanyia kazi hilo wazo, na mwaka 2010 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ikairuhusu mashine ya CoolSculpting kwa mafuta ya ubavuni, tumbo likafuata 2012. Hizi nyingi mnazoziona mjini kwetu si CoolSculpting yenyewe, ni za kuigiza kutoka kiwanda chochote kile, na hilo jina limekuwa kama Blue Band, kila kitu kinaitwa hivyo.

Mimi mwenyewe nilifanyiwa, bosi alinipa nusu bei, na hiyo nusu bado ilinuma, kwa sababu sesheni moja kamili ilikuwa inakaribia kodi yangu ya mwezi kule Kisauni. Unawekewa kwanza kitambaa kimelowa jeli, ya baridi ya kuogofya, alafu kikombe kinavuta nyama ya chini ya kitovu ndani, unahisi umevutwa mpaka kwa uti wa mgongo. Dakika za mwanzo ni uchungu na kuwasha, unatamani kusema itoeni, alafu panakufa ganzi na hapo ukitaka unalala usingizi. Wakikitoa kikombe sasa, jamani, nyama imekaa pale imesimama ngumu kama kipande cha siagi kilichotoka frijini, na sista anakuja kuikanda mpaka ilainike. Hapo kwa kukandwa ndio nililia, sio kwa baridi. Ganzi ilinikaa wiki kadhaa, nikijikuna sijisikii, na nikivaa leso ikinipanda nahisi kama nimemfunga mtu mwingine.

Matokeo? Hakuna kitu mwezi wa kwanza. Seli zilizokufa mwili unazibeba pole pole, miezi miwili mitatu. Kwa wastani wanaopata matokeo mazuri hupungukiwa na kama robo ya unene wa mafuta ya pale palipowekwa kikombe, robo ya pale tu, sio robo ya tumbo. Kwangu ilionekana, mimi niliiona na dadangu aliiona, mume wangu mpaka nikamuuliza. Kilo hazikushuka hata moja, na hazikutakiwa kushuka, hii sio dawa ya kupunguza mwili. Mwenye uzito mkubwa akifanyiwa hii ni sawa ametoa bahari ndoo moja, na sista alikuwa anawaambia hivyo hivyo, ndio tena anaitwa ofisini.

Mabi arusi ndio walikuwa wanatupa kazi. Simu inalia, "dadangu mimi arusi yangu Ijumaa ya wiki ijayo, nataka tumbo na mapaja." Nawaambia mamangu hii ni ya miezi, hamna kitu utaona Ijumaa isipokuwa uvimbe na wekundu. Bosi akisikia ananifanyia ishara nimpe simu. Basi wanauziwa nini? Wanauziwa paketi ya mawimbi ya redio, yaani mashine ya kupasha ngozi joto, na vile vigongo vya mbao vya kukandia, ati selulaiti itaisha kabla ya kesha.

Hapa kwa selulaiti nataka nikae kidogo maana ndipo pesa nyingi zaidi inapotea. Yale mabonde mabonde ya mapaja na makalio sio mafuta mengi, na sio uchafu ulioganda, na sio sumu mwilini kama wanavyosema kwenye TikTok. Chini ya ngozi kuna nyuzi zinazoishika ngozi chini, na kwa wanawake nyingi zimesimama wima, kwa hivyo zinavuta chini huku mafuta yanasukuma juu katikati yake, panatokea vishimo. Kwa wanaume hizo nyuzi hupishana mshazari ndio maana huwaoni nazo sana. Kati ya wanawake waliobaleghe inasemekana asilimia 80 mpaka 90 wanazo, wembamba kwa wanene. Nimewaona wasichana wanaokimbia kila alfajiri pale Mama Ngina, miguu kama ya askari, wakivua nguo wako nazo.

Sasa ukiipasha joto kwa mawimbi ya redio ngozi inakaza kidogo, kolajeni, ile protini inayoishika ngozi, inachangamka, na ukikanda kwa nguvu maji yanahama na ngozi inajaa, panaonekana pamelainika. Siku chache, ama wiki kadhaa ukirudia rudia. Ile mashine maarufu ya kuvuta na kubingirisha ilianza Ufaransa miaka ya 1980 na mwanzo ilikuwa ni ya kulainisha makovu. Krimu za kafeini vile vile, zinabana kwa muda. Kinachogusa sababu yenyewe ni kukata zile nyuzi, na hiyo ni kazi ya daktari na ganzi na kisindano chenye makali, tushatoka kwa "bila kisu" hapo. Palikuwa na sindano pia ya kuziyeyusha hizo nyuzi, Qwo, FDA waliipitisha Julai 2020 kwa ajili ya makalio, watu wakashangilia, na kufika Desemba 2022 kampuni yenyewe ikatangaza inaitoa sokoni kwa sababu ya michubuko na ngozi kubaki na rangi kwa muda mrefu. Kampuni nzima ya dawa na maabara zake ilishindwa, alafu chumba kimoja juu ya duka la simu kinakuahidi kwa sesheni nne.

Kwa bi arusi wa Ijumaa mimi nilikuwa nasema kimya kimya, nikihakikisha bosi hayuko, nenda ukasingwe. Asingwe na liwa na dalia na mafuta mazuri, akandwe na somo wake mikono ya nguvu, ngozi itang'aa na italainika kwa hizo siku anazozihitaji, na ni shughuli na vigelegele juu, na bei ni ya kibinadamu. Kwa mapaja, tofauti ya matokeo kati ya hiyo na paketi yetu sikuiona, na mimi ndio nilikuwa napiga picha.

Nilivyoondoka pale ni kwa sababu ya kile kitambaa cha jeli. Kazi yake ni kuilinda ngozi isigande, kwa hivyo ni kipya kwa kila mtu na kila sehemu, kinafungwa kwa pakiti yake na kina tarehe. Siku vilipoanza kuisha na mzigo mwingine umechelewa, tukaambiwa tuvikate katikati. Nusu kitambaa kwa kikombe kizima. Sista alikataa akaenda likizo akawa harudi, akaletwa kijana ambaye hakukataa. Dada mmoja akarudi siku ya pili na ubavu una lengelenge lililofuata ukingo wa kikombe, umbo la yai kamili, na baadaye pakabaki doa jeusi kwa miezi. Sisi wenye ngozi hizi zetu, ikiungua kwa joto ama kwa baridi, weusi unabaki muda mrefu kuliko kidonda chenyewe, na hilo ni la kuuliza kabla: hii leza ama hii mashine ya joto ushaiweka kwa ngozi kama yangu, naona mfano? Yule dada alipewa sesheni ya bure kama pole. Ati sesheni nyingine!

Na hata ikifanywa sawa kabisa kuna hili la nadra ambalo hakuna mteja wetu aliyekuwa anaambiwa. Mafuta badala ya kupungua yanaongezeka pale pale yakawa magumu, umbo la kikombe. Ndilo lililompata Linda Evangelista, yule mwanamitindo mkubwa wa Canada, alifanyiwa miaka ya 2015 na 2016, na mwezi wa Septemba 2021 akatoka akasema hadharani kwamba limemharibu mwili na amejificha miaka. Aliishtaki kampuni ya mashine, wakamalizana 2022. Hilo halitoki kwa mazoezi wala kwa njaa, kwa kawaida linaondolewa kwa upasuaji wa kunyonya mafuta, yaani kile kile ulichokuwa unakikimbia. Ni nadra, narudia, lakini mtu mzima anaambiwa aamue mwenyewe. Kama vile anavyotakiwa kuulizwa kama mwili wake huvimba ama kutoka vipele kwa baridi, kama ana ugonjwa wowote wa damu unaochokozwa na baridi, na kwa hizi za mawimbi ya redio kama ana kifaa cha moyo ama chuma mwilini. Ile fomu yetu ilikuwa na nafasi ya namba ya M-Pesa na nafasi ya Instagram. Maswali ya afya yalikuwa mistari miwili.

Sindano za kuyeyusha mafuta sitaki hata kuzirefusha. Ile dawa inayojulikana, asidi ya deoksikoliki, FDA waliipitisha 2015 kwa mafuta ya chini ya kidevu peke yake, ichomwe na mtu anayejua mishipa iko wapi. Hizi chupa zinazokuja kwa mkoba wa mtu kutoka safari, maandishi huwezi kusoma, zikachomwa tumbo zima na mikono, FDA hao hao washatoa onyo juu ya sindano za aina hiyo ambazo hazijaidhinishwa, watu wamepata makovu na usaha na mavimbe. Na wanaoniuliza Ozempic, ile sindano ya kupunguza uzito, hiyo ilianza kama dawa ya kisukari, ni ya daktari wako, haichagui tumbo peke yake wala si dawa ya mabonde ya mapaja.

Mwezi uliopita binamu yangu wa Likoni alinipigia, kapata ofa mahali, kashalipa diposit, "dakta" ndio atamchoma mwenyewe. Nikamwambia nitumie jina la dakta kamili, sio la Instagram. Baraza la Madaktari la Kenya, KMPDC, wana orodha yao kwa intaneti, unaandika jina unaona kama mtu amesajiliwa na leseni yake ni ya mwaka huu, ni bure na ni dakika moja. Tukatafuta kwa jina la kwanza, la pili, tukageuza herufi, hayuko. Binamu akawauliza kwa WhatsApp kwa adabu kabisa, wakamjibu ni dakta wa urembo, sio wa hospitali. Akaomba pesa zake, akavuka feri kuzifuata mwenyewe, na walimrudishia nusu, hiyo nusu nyingine wamesema ni ya konsaltesheni.